Msikiti Uliokaa Mshazari

Mimi ni mtu wa Uvira. Mji wetu umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, upande wa Kongo. Ni mji mrefu na mwembamba, na usiku usiokuwa na ukungu tunaziona taa za Bujumbura ng'ambo ya maji. Baba yangu ni Mfuliiru na ni Mkatoliki. Mama ametoka katika ukoo wa Kiislamu, wa wale ambao huku kwetu huitwa Wangwana. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha wazazi wangu. Ndicho pia kilichonileta hapa Dar es Salaam, ambako tangu mwaka wa kwanza wenzangu wa pwani wananiuliza swali lile lile: Kiswahili kilifikaje huko kwenu?

Jibu la vitabuni ni neno moja tu, misafara. Ni jibu sahihi, ila halimwoneshi mtu kitu cha kushika. Mimi nataka kujibu kwa kutumia jengo moja la matofali mabichi ambalo sasa halipo tena, na kwa kutumia maneno yaliyokuwa ndani yake.

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya darasani. Kila mmoja wetu achague msikiti wa kale wa kwao, aueleze, kisha akusanye majina ya sehemu zake kama yanavyotamkwa na wazee wa mahali hapo. Wenzangu wa pwani walikuwa na pa kuanzia. Mmoja alichukua Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ulianza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14 kwa kuba na matao, na ambao tangu 1981 umo katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na magofu mengine ya Kilwa na Songo Mnara. Mwingine alichukua Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ambako ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Binti mmoja wa Lamu akaeleza msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, wenye mnara mnene uliochongoka kuelekea juu. Zamu yangu ilipofika nikasema nitaeleza msikiti wa mtaa wa babu yangu, Uvira. Jamaa mmoja akauliza kwa utani, wala si kwa ubaya: "Huo ni wa kale au wa juzi?"

Swali lake lilinifaa, maana lilinilazimisha kufikiri neno "kale" linapimwa kwa nini. Tunapozungumza juu ya misikiti ya kihistoria, mara nyingi tunapima kwa jiwe. Pwani kuna matumbawe, na matumbawe yakichomwa hutoa chokaa. Ukuta wa mawe na chokaa unaweza kusimama miaka mia tano hata baada ya watu wake kuondoka. Kwetu ziwani hakuna matumbawe. Kuna udongo, mchanga wa mtoni, miti na nyasi, na baadaye mabati. Ukuta wa udongo unahitaji watu. Wakiacha kuukandika kwa misimu michache ya mvua, unarudi ardhini.

Lakini hata pwani yenyewe haikuanza na jiwe. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye mlango wa kila msikiti akaona kisima kimoja au viwili. Mtu alichota maji, akaosha miguu, akaifuta kwenye kipande cha mkeka mnene, ndipo akaingia. Misikiti ile ya mbao imekwisha kuoza zamani, wala hakuna mtu anayesema kwamba kwa hiyo haikuwa ya kihistoria. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya magofu ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti mingine iliyotangulia mahali pale pale. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Jengo lilibadilika mara nyingi, kutoka mti hadi udongo hadi jiwe, na watu wakaendelea kusali juu ya kiwanja kile kile.

Kwa kipimo hicho nilirudi Uvira likizo nikiwa na daftari, futi ya kamba na simu yenye dira.

Msikiti wa babu ulikuwa mdogo. Nilipima hatua kumi na mbili kwa nane. Kuta zilikuwa za matofali mabichi, zimepigwa lipu ya udongo na kupakwa chokaa, nazo zilikuwa nene kiasi kwamba dirishani mtoto aliweza kuketi. Ndani kulikuwa na nguzo sita za mti katika safu mbili. Paa lilikuwa la mabati yaliyoshika kutu; babu alisema utotoni mwake lilikuwa la nyasi. Mnara haukuwapo. Mwadhini alisimama juu ya kizingiti cha upande akanadi, na kwa hilo msikiti wetu haukutofautiana na misikiti mingi ya kale ya pwani, ambayo nayo haikuwa na minara. Kwenye ukuta wa mbele palikuwa na kishubaka alimosimama imamu, na kwa nje kishubaka hicho kilitokeza kama mgongo wa mtu aliyeinama. Kamusi hukiita mihrabu. Babu alikiita kibula. Mwenzangu wa Lamu aliponisikia nikilisema neno hilo darasani alicheka kwa furaha, kwa sababu bibi yake naye hakiiti mihrabu. Hukiita hivyo hivyo.

Niliandika maneno hamsini na saba. Nilipoyapanga niliona kitu ambacho nadhani kinawahusu wote wanaosoma isimu katika kitivo hiki. Maneno yanayotaja kile kinachoshikilia jengo ni ya Kibantu: nguzo, ukuta, mlango, paa. Kadhalika kisima na mkeka. Mrundi wa ng'ambo akisema "umuryango" akikusudia mlango, Mswahili anamwelewa bila mkalimani. Maneno yanayotaja kile kinacholielekeza jengo na kuliamsha ni ya Kiarabu: kibla, mihrabu, mimbari, adhana, hotuba, imamu, udhu. Mafundi waliojua kusimamisha nguzo hawakuhitaji neno jipya la nguzo. Walihitaji neno la upande ambao nguzo hizo zingetazama. Lugha iliwapa, na baadaye nguzo yenyewe ikarudisha deni: leo Mswahili anapotaja misingi ya Uislamu husema nguzo tano.

Hata neno "msikiti" lina safari yake. Kwa Kiarabu ni masjid, na ile ma- ya mwanzo ni kiambishi cha Kiarabu kinachotaja mahali, yaani mahali pa kusujudu. Waswahili wa kale waliisikia wakaifanya m- yao wenyewe, ile ya mti na mto, ndipo wakapata wingi: misikiti, kama miti na mito. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa manara, ikawa mnara, minara. Lakini madrasa, maktaba na mahakama zimebaki na ma- yake, hazikuvua nguo za ugenini. Msikiti ulivua. Ukafika kwetu ziwani, ambako m- ya pwani hutamkwa mu-, tukasema muskiti, kama tunavyosema mutu na mutoto. Neno moja limevishwa mara mbili, mara ya kwanza pwani na mara ya pili bara.

Na liko neno lililokwenda mbali kuliko jengo lenyewe. Mbele ya msikiti wa babu palikuwa na baraza, benchi la udongo chini ya kivuli cha paa. Pwani kila mtu anajua baraza ni nini. Kongo neno hilo lilivuka likaingia hata katika Kifaransa cha Wabelgiji. Mpaka leo Mkongomani anayesema Kifaransa huita veranda yake "barza", na wengi hawajui kwamba wanataja kiti cha nje cha nyumba ya Kiswahili.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mtaani kwetu viwanja, au paseli kama tunavyoziita, vimepimwa kufuata barabara, na barabara inafuata ziwa, kutoka kusini kwenda kaskazini. Nyumba zote zimekaa sawa na barabara. Msikiti peke yake ulikaa mshazari ndani ya uzio wake, kana kwamba mtu aliushika pembe akauzungusha kidogo kuelekea kulia. Kwa sababu hiyo, kati ya ukuta na uzio palibaki pembetatu ya ardhi isiyofaa kujengwa. Pale palikuwa na mwembe, birika la maji na jiwe la kukalia. Utotoni nilimsubiri babu hapo kila Ijumaa tuliyomtembelea, kwa kuwa mimi nilibatizwa na sikuingia ndani. Niliwahi kumwuliza mbona muskiti umepinda. Akajibu: "Muskiti haukupinda, mujukuu. Barabara ndiyo ilipinda."

Nilidhani ni kauli ya mzee anayependa mafumbo. Nilipoweka dira ukutani nikaona anasema kweli. Ukuta wa mbele ulitazama kulia kwa kaskazini kwa digrii ishirini na kitu, kuelekea bonde la Ruzizi upande wa Burundi. Usiku ule nilikokotoa mwelekeo wa Makka kutoka miji ya njia ya misafara. Ukiwa Bagamoyo, kibla iko karibu sawa na kaskazini. Inaachana nayo kwa digrii 2 tu kuelekea mashariki. Ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani neno kibla limekuwa na maana ya pili, yaani kaskazini. Mtu wa pwani aliweza kusema upande wa kibla akamwelekeza baharia. Lakini anza kutembea kuelekea machweo. Ukifika Tabora, kibla imegeuka kulia digrii 14. Ujiji imefika 20. Uvira ni 22. Ukivuka milima mpaka Kasongo, katika Maniema, ni 26.

Nilizitazama namba hizo kwa muda mrefu. Zile ni hatua za msafara. Kila kituo walichosimama waliosali, ukuta uligeuka kidogo zaidi kuelekea mashariki, kwa sababu watu walikuwa wamezidi kwenda magharibi. Neno lilibaki "kibla", ila upande wake ukaachana na maana yake ya pili: Uvira huwezi kusema kibla ukakusudia kaskazini. Ukuta wa udongo usio na herufi hata moja ulikuwa unasema umbali kutoka pwani. Kizimkazi wana tarehe katika jiwe. Sisi tulikuwa na pembe.

Waliokuja na pembe hiyo hawakuja kwa ajili ya sala peke yake. Hili ni lazima niliseme, kwa kuwa msikiti wa ziwani hauwezi kuelezwa kwa heshima ikiwa sehemu hiyo inafichwa. Wafanyabiashara kutoka Unguja na Tabora walifika Ujiji katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakavusha ziwa kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, na Livingstone na Stanley walipokwenda kuutazama mdomo wa Ruzizi mwaka 1871, walipita katika njia za maji zilizokwisha kujulikana na wafanyabiashara hao. Baadaye Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliitawala biashara ya upande huu wa ziwa kutoka Ujiji. Mama mzaa baba, Mungu amrehemu, hakulisahau jambo hilo. Kwake neno Wangwana lilikuwa na maana moja tu: watu waliokamata watu. Baba alipotaka kuoa, ndilo alilolisema kwanza.

Nilimpelekea babu kauli hiyo, nikiwa mtu mzima sasa, kwa sababu sikuweza kuandika juu ya nguzo na mimbari huku nikiinyamazia. Tulikuwa tumekaa pembetatuni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama ya baba yako alisema kweli. Lakini wale waliokamata, wengi walirudi kwao ao walikufa katika vita. Waliokamatwa ndio walibakia hapa. Waliokamatwa ndio sisi."

Mwanafunzi wa isimu anajua uzito wa jawabu hilo. Pwani, mwungwana ni mtu huru, aliyezaliwa na watu huru, kinyume cha mtumwa. Neno lilipoingia Kongo likawa jina la wafuasi wa wafanyabiashara wa pwani: wapagazi, askari, wake, watoto waliolelewa katika misafara, na wengi wao walikuwa wametekwa au walizaliwa na waliotekwa. Walivaa kanzu, wakasali, wakasema Kiswahili, wakajiita kwa jina la uhuru. Watu wa nje waliona majivuno. Mimi naona watu waliochukua neno lililokuwa limewafungia mlango wakaingia nalo. Na mahali ambapo waliweza kuwa waungwana bila kuulizwa babu zao walikuwa nani ni ndani ya msikiti, katika safu, bega kwa bega.

Kisha vikaja vita vya miaka 1892 hadi 1894 kati ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na wakuu wa Kiarabu na Kiswahili. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893. Baada ya hapo lugha na msikiti vikaachana njia. Kiswahili kilipata kazi: kilitumiwa na maafisa, na askari, na wamisionari, kikapewa jina la Kingwana. Msikiti haukupata kazi. Mwaka 1906 Dola Huru ilikubaliana na Vatikani, elimu ikawekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka shule alijikuta mbele ya mlango wa kanisa. Babu yangu alisoma kwa mwalimu wa Kurani chini ya mwembe ule, na kuandika kwake Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hakukuhesabiwa popote kuwa ni kusoma. Serikali ilipowaandika watu wake, aliingia katika safu ya wasiojua kusoma.

Kwa hiyo msikiti ulikuwa shule pia, na ulikuwa baraza la mtaa. Ugomvi wa mipaka ya paseli ulisikilizwa pembetatuni. Wanawake wa Kikristo walichota maji pale wakati wa kiangazi. Hakuna aliyeita jambo hilo kuwa ni utamaduni. Lilikuwa nafasi tu, iliyopatikana kwa sababu ukuta ulikataa kwenda sawa na uzio.

Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani, na mito inayokatiza mji wetu, hasa Mulongwe, ikafurika. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Msikiti wa babu ulisimama, ila ukuta mmoja ulilowa hadi kiunoni ukapasuka. Miaka iliyofuata ziwa nalo likapanda, likaingia katika mitaa ya chini, na mwaka 2024 watu wengi wakahama tena. Waliohama walikuja mitaa ya juu, na Ijumaa safu za waliosali zikafika barabarani, juani. Kamati ya msikiti, ambayo wengi wao ni vijana wa umri wangu, ikapata mfadhili. Ikaleta mchoro: zege, ghorofa moja, minara miwili, kuba ya bati la kijani.

Sitaki mtu yeyote aone vijana hao kama wabomoaji. Nilihudhuria mkutano mmoja, nikakaa barazani. Hoja zao zilikuwa nzito. Paa linavuja. Ukuta utamwangukia mtu. Wazee wanasali juani. Mchoro mpya ulifuata uzio, sawa na barabara, ili kutumia kila mita ya kiwanja, na mwelekeo wa kibla ungewekwa kwa mistari ya mshazari kwenye zulia. Babu aliomba jambo moja tu, kwamba jengo jipya ligeuzwe kama la zamani. Fundi alipiga hesabu palepale, akasema: "Baba, tukiligeuza tunapoteza safu mbili." Safu mbili ni watu hamsini. Babu aliuliza: "Na pale pa kukaa?" Kijana mmoja akamjibu kwa adabu: "Mzee, watu watakaa ndani."

Kisheria vijana hawakukosea, na shehe aliyekuwapo alilithibitisha: sala ni kuelekea kwa mwili, si kwa ukuta. Babu alilijua hilo kabla hawajazaliwa. Alikubali. Aliniambia njiani kwamba msikiti uliokuwapo kabla ya ule wa kwake nao ulibomolewa, na aliyeubomoa alikuwa baba yake, kwa sababu hiyo hiyo ya watu kuongezeka.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu ni ipi, na ni ipi isiyo yangu. Si kazi yangu kuutetea udongo usianguke. Shanga walibomoa na kujenga tena mara nyingi, na hakuna anayewalaumu. Tofauti ni kwamba Shanga kila jengo liliacha alama chini ya lile lililofuata, naye mchimbaji akazisoma baada ya miaka elfu. Msingi wa zege unachimbwa kwa kina na kufuta kila kitu kilicho chini yake. Kama hakuna aliyepima na kuandika kabla, hakutakuwa na cha kusoma.

Tulipima, mimi na vijana wawili wa kamati, wale wale waliotetea mchoro mpya. Tulichora ramani ya jengo, tukapiga picha kila ukuta, tukaandika digrii. Nilimrekodi babu akitembea ndani polepole, akigusa kila sehemu na kuitaja: nguzo, shubaka, kizingiti, kibula, birika, baraza, jamvi. Mahali pengine alitaja majina mawili, la wazee wake na lake. Vijana waliuliza maswali mengi kuliko mimi. Mmoja wao, anayefanya kazi ya ujenzi na anayejua majina ya Kifaransa ya kila kitu kuanzia msingi hadi paa, alishangaa kwamba kila kitu kina jina la Kiswahili.

Wenzangu wa kitivo hiki, tunafundishwa kwenda kutafuta lahaja kwa orodha ya maneno: mkono, maji, jua, mbwa. Orodha hiyo ina faida yake. Lakini ziko orodha nyingine zinazokaa ndani ya majengo, na majengo hayo yanabomolewa kwa sababu nzuri kabisa, kila kiangazi, Uvira, Baraka, Rumonge, Ujiji. Hatuwezi kuyazuia, wala si yetu kuyazuia. Tunaweza kufika siku moja kabla ya nyundo, tukiwa na kalamu na dira. Kamusi zetu zinaeleza kibla kwa macho ya mtu aliyesimama pwani. Nani ataongeza mstari mmoja kwa ajili ya aliyesimama Tabora, au Kasongo?

Msikiti mpya umefika kwenye lenta na tayari unasaliwa, kwa mikeka iliyotandazwa juu ya zege, kwani zulia bado. Mistari ya mwelekeo imepigwa kwa chaki. Nilisimama mlangoni Ijumaa moja nikatazama. Wanaingia, na kila mmoja kwanza husimama sawa na ukuta, kama jengo linavyomwambia. Kisha anaiona chaki, anageuka kidogo kulia, anatulia. Babu haitazami chaki. Anageuka akiwa bado anatembea.